Mvua Isiyopiga Kelele: Kumuaga Madam Nyanchoka wa Riamogesi

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, Bi. Rael Nyanchoka anavua gambuti kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa Mradi wa Vijito na Nyasi, ofisi ya Kebirigo. Amezivaa kwa miaka thelathini na mmoja. Si jozi moja, bila shaka. Mimi ndiye mtunza bohari, na ninajua jozi zilizotoka mlangoni kwangu na chache zilizorudi. Nyingine zilizama kwenye matope ya Riamogesi, nyingine alizigawa kwa akina mama aliowakuta wakichota maji pekupeku, na moja alimpa mbuzi wa jirani aitafune ili aache kutafuna miche. Leo ninamsamehe zote.

Kazi ya kuandika wasifu huu iliniangukia baada ya wenzangu kuikataa. Purity, afisa wetu wa nyanjani, alisema akianza tu atalia. Dereva alisema yeye ni mtu wa usukani, si wa kalamu. Basi wakamgeukia mzee wa majembe na makoleo. Nimefanya kazi na Madam Nyanchoka kwa miaka ishirini na miwili, na sijui ofisi hii itakuwaje bila sauti yake. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja. Mtanivumilia.

Madam alizaliwa Nyamache, kitindamimba wa Mzee Ongeri na Mama Bosibori. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, kando ya bonde la majimaji ambalo siku hizi ni chai na mikaratusi mpaka ukingoni. Alisoma huko, akaenda chuo, akarudi na stashahada ya uhifadhi wa udongo na maji, na mwaka 1995 akaripoti kazini Kebirigo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga. Alikuta meza moja, kiti kimoja na bosi mmoja, na bosi ndiye aliyekuwa na kiti. Akaona ni heri aende mtoni, na tangu siku hiyo hajawahi kukaa ofisini mchana mzima.

Kijito cha Riamogesi wakati huo kilikuwa kimepandwa mikaratusi pande zote mbili. Mti huo ni mzuri kwa nguzo na kuni, lakini ukiupanda kando ya maji unakunywa kama mgeni wa harusi. Kila Januari kijito kilikauka, na akina mama wakawa wanatembea mpaka bonde la pili. Waliotangulia walikuwa wamewahutubia wenye mashamba, wakawatisha na sheria, wakaondoka. Madam hakuhutubia mtu. Alikwenda kituo cha kununulia majani chai, akakaa kwenye benchi pamoja na wakulima wakisubiri mizani, akaongea habari za watoto, za shule, za ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Kadiri chai ilivyochelewa kupimwa, ndivyo alivyofurahi. Baada ya mwezi mmoja au miwili wa kukaa hivyo, mkulima mwenyewe ndiye aliyekuwa anauliza: sasa, Madam, hii miti yangu ya pale chini unaionaje?

Mkaratusi wa kwanza ulipoangushwa, mwenye shamba alimpelekea kuni mzigo mzima. Alizikubali, akazipikia uji wa watu waliokuja kupanda miche ya asili mahali pale. Ndivyo kikundi cha watu wa kujitolea kilivyoanza. Siku ya kazi iliwekwa Jumapili mchana, kwa kuwa Wasabato wamekwisha kupumzika Jumamosi yao na Wakatoliki wanakuwa wametoka Misa. Madam ni Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, hata kama mche umesimama nusu shimoni, ataufunika haraka na kwenda nyumbani. Ndiyo sababu sherehe ya leo inaisha mapema, na wanenaji wanaombwa wajizuie.

Yapo mengi ya kuchekesha, na siwezi kuyamaliza. Ofisi ilipomnunulia pikipiki, aliingia nayo kijitoni na miche yote, na tulipofika kumwokoa alituambia alikuwa anapima kina. Alipopewa kipaza sauti cha mkono kwa ajili ya mikutano, alikirudisha bohari siku iyo hiyo akisema kinamchelewesha. Ni kweli. Sauti yake ikitoka ng'ambo ya kijito, watu wa kilima kile cha pili huacha kuchuma wakasikiliza. Nimeitwa na sauti hiyo miaka yote hii nilete koleo, nilete kamba, nilete chai, na kila mara nilinung'unika. Jumatatu ijayo hakuna atakayeniita. Nimeanza kuutamani usumbufu ule kabla haujaondoka.

Lakini kazi iliyomfanya Madam awe Madam ni nyasi.

Miti watu waliielewa. Mti una kivuli, una kuni, mtu akiona mti umepandwa anajua kazi imefanyika. Madam alipotwambia kwamba ile kona kubwa ya Riamogesi, pale kijito kinapojikunja na kuacha uwanja mpana, hataki miti bali anataka nyasi za zamani zirudi, tulimtazama. Katika nchi yetu hii ya vishamba vidogo, nyasi ni za ng'ombe au ni za aibu. Nepia tunaijua, tunaipanda kwa mistari. Nyasi nyingine yoyote ikionekana kwenye shamba la mtu, majirani huulizana kama mwenyewe yu hai.

Bosi wa wakati huo alimuuliza mkutanoni faida yake ni nini. Madam alieleza kwanza yale ya kitaalamu: kwamba mizizi ya nyasi zile hushika ukingo mafuriko yakija, kwamba hunyonya maji ya mvua na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi, kwamba kuna ndege na vyura wasioishi pengine. Bosi akatikisa kichwa, hakuridhika. Ndipo akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo ambayo hatukuijua.

"Nataka jiko moja tu la nyasi. Dogo. La mimi na mama yangu kukaa mvua ikinyesha."

Mtu asiyetoka huku hawezi kuelewa maneno hayo bila maelezo. Jiko alilolitaja ni kibanda cha kupikia cha uani, kilichoezekwa nyasi. Mvua ya kwetu huja alasiri, karibu kila siku, na ndiyo saa pekee ambapo mama wa Kigusii huketi. Asubuhi yuko kwenye chai, mchana yuko na jembe, jioni yuko na sufuria. Mvua ikimfungia ndani, ndipo anapozungumza. Madam alipokuwa mdogo, kila alichokijua alikipata kwa mama yake Bosibori saa hiyo: wamekaa kando ya moto, mahindi yanachomwa, mvua inaanguka juu ya nyasi kimyakimya, na mama anasimulia. Kisha maendeleo yakaja, wakaezeka mabati. Mvua ya huku ikipiga mabati, ukimwambia mtu nyumba inaungua atakujibu ndiyo, niongezee kidogo. Watu hukaa midomo imefungwa mpaka ipite, na ikipita kila mtu ana kazi yake.

Mama Bosibori alizeeka chini ya mabati hayo, na masikio yakaanza kufifia. Madam alikuwa anakwenda Nyamache kila mwisho wa wiki kumwona. Alituambia kwamba tangu paa lile liwekwe hawajawahi kumaliza mazungumzo hata moja. Mama huanza jambo, mvua inaanguka, jambo linabaki hapo hapo. Mwenyewe mama ndiye aliyeomba ajengewe jiko la nyasi kama la zamani. Mwanawe Madam, Duke, alikata nguzo, akazisimamisha uani, akafunga fito za paa. Kilichokosekana ni nyasi zenyewe. Nepia huoza kwa msimu mmoja, na zile nyasi ngumu za kuezekea zilikwisha ng'olewa Kisii na Nyamira nzima ili kupisha chai.

Alipata vishina vichache kando ya barabara ya zamani, akavihamishia kwenye kona ya Riamogesi kwa mikono yake. Alivitunza kwa miaka minne. Ng'ombe walifukuzwa, moto ulizimwa, na mwenyekiti wa wanaojitolea, Bwana Cleophas Ochoki, alijenga ua wa miiba. Desemba ya mwaka 2021 nyasi zilikuwa zimefika kiunoni na zimeanza kupiga rangi ya dhahabu. Januari zingekatwa. Mama Bosibori alikwisha ambiwa, na kila wiki alikuwa anapiga simu kuuliza zimefika wapi.

Sasa nifike mahali pagumu.

Mwezi huo Madam aliugua mguu, akalazwa mjini, kisha akapumzika Nyamache. Wanaojitolea walihuzunika sana. Kwetu kuna desturi ambayo sote tumelelewa nayo: jirani akiugua, humwachii shamba limezwe na magugu. Mnaita egesangio, watu wa kijiji wanakusanyika kila mmoja na jembe lake, mnalipalilia shamba la mgonjwa mpaka ling'are, ili akirudi asipatwe na aibu juu ya ugonjwa. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Na Bwana Cleophas, kwa wasiomjua, ndiye mwenye shamba safi kuliko yote Kebirigo. Ni katekista, na chai yake imepangwa kama waumini kwenye mabenchi. Alipoita egesangio kwa ajili ya Madam, walikuja watu ambao hata kwenye siku za kawaida za kazi hatukuwa tukiwaona.

Walianza na kitalu, wakakisafisha. Wakasafisha njia. Kisha wakafika kwenye kona. Bwana Cleophas alijua kwamba Madam anazipenda nyasi zile, lakini alijua pia jinsi shamba la mgonjwa lisilopaliliwa linavyosemwa, na kundi lilikuwa limeshika kasi, watu wanaimba, majembe yanapanda na kushuka. Alidhani Madam anapenda tu mahali pale pawe pa kijani, basi wangepanda nyasi nyingine fupi na nzuri, za uwanja wa kanisa. Mpaka alasiri kona yote ilikuwa udongo mwekundu, laini, umesawazishwa. Nyasi zilipelekwa kwa ng'ombe. Wakapanga mawe kuzunguka, wakayapaka chokaa nyeupe. Majembe hayakutoka bohari kwangu, hilo ningependa lieleweke. Kila mtu alikuja na lake.

Madam aliporudi, walikuwa wamejipanga kando ya njia wakimsubiri, wanatabasamu, na akina mama wameshika nyimbo midomoni. Alitembea kwa fimbo mpaka kwenye ukingo wa kona. Akasimama. Akakaa juu ya jiwe moja jeupe, chokaa ikamshika sketi. Akatazama udongo ule. Kisha akainua kichwa akawaona wote, nyuso zilivyochoka na zilivyofurahi.

"Mbuya mono," akawashukuru. "Mmenifanyia kazi kubwa."

Wakaimba. Yeye akateremka kijitoni akanawa uso, akakaa huko mpaka wimbo ukaisha. Purity alikuwa karibu naye, na ndiye aliyeona kwamba hakuwa ananawa vumbi.

Bwana Cleophas hakujua kwamba nyasi zile zilikuwa za jiko la Mama Bosibori mpaka Purity alipomweleza, wiki moja baadaye. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kiti. Nilikuwepo. Alimwambia Madam kwamba walidhani wanampalilia. Madam akamjibu, "Najua, Mwenyekiti. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia." Nadhani mzee yule angefurahi zaidi kama angepigwa na fimbo ile ya mgonjwa.

Nguzo za Nyamache zikabaki zimesimama uani, paa ni fito tupu. Duke alipendekeza waweke mabati tu, basi, bibi yake apate mahali. Bibi mwenyewe alikataa. Alisema anayo mabati ya kutosha.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Madam alianza kutafuta mbegu. Purity na Cleophas walizunguka naye kando za barabara, viwanja vya shule, kingo za machimbo, na kila mahali walikuta pamepandwa kitu au pamekwanguliwa. Jibu lilipatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria, nalo lilitoka kwa mwuza gambuti. Bwana Dahir Jibril ana duka mjini, na Madam alikuwa mteja wake kwa sababu zile nilizokwisha kuzitaja. Siku hiyo alikwenda kununua jozi nyingine, akalalamika habari za nyasi, kama anavyolalamikia kila mtu anayesimama. Bwana Dahir akamsikiliza, akamwambia kwamba makaburini kwao, nje ya mji, kuna nyasi ndefu ngumu ambazo hufyekwa kila mwaka na hurudi kila mwaka, na kwamba ardhi ile haijaguswa na jembe la mkulima tangu babu yake azikwe hapo.

Wazee wa msikiti waliombwa ruhusa. Walikubali kwa masharti ya haki: hakuna kung'oa, hakuna kukanyaga kaburi, mbegu zichumwe kwa mkono kutoka kwenye kingo na njia. Bwana Cleophas akaomba yeye awe mbele katika kazi hiyo. Asubuhi waliyokwenda, alifika langoni akasimama, kofia mkononi tena, hajui kama katekista anaruhusiwa kuingia. Bwana Dahir akamshika mkono akamwingiza. Walichuma mbegu asubuhi nzima, Wasabato, Wakatoliki na Waislamu, wakaziweka ndani ya foronya za mito, na Bi. Samsam, mkewe Bwana Dahir, akawaletea chai ya viungo langoni. Ninaambiwa ilikuwa kimya kuliko siku yoyote ya kazi. Hata Madam alinong'ona, jambo ambalo ningelipia kuliona.

Mbegu za nyasi za asili hazina haraka. Msimu wa kwanza zilichomoza chache, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Bwana Cleophas alikuwa akienda kila asubuhi kabla ya chai yake kuzitazama, akizungumza nazo, na shamba lake lile la sifa likaanza kuota magugu. Watu wakaulizana kama mwenyewe yu hai.

Mama Bosibori hakuzingoja. Alifariki Aprili ya mwaka 2023, alasiri, katikati ya masika. Madam alikuwa kando ya kitanda. Hatukumuuliza kitu, lakini siku aliporudi kazini alikuja bohari, akakaa juu ya gunia la mbolea, akanieleza jambo moja, na ninaliandika hapa kwa ruhusa yake.

"Alifungua macho akasema kitu. Niliona midomo. Mvua ilikuwa juu ya mabati, Thadeus. Sikusikia."

Nilimpa koleo alilokuja kuchukua, na akaenda kazini.

Wengi tulidhani nyasi zimeishia hapo. Jiko la kujengwa lilikuwa la mtu, na mtu hayupo. Madam hakuacha. Alipalilia kati ya mashina, alifukuza ng'ombe, alipanda tena palipokuwa patupu. Nilimuuliza mara moja anazitunzia nani sasa. Akaniambia kwamba hajui, lakini mama yake aliziulizia mpaka wiki ya mwisho, na swali la mama haliachwi bila kujibiwa. Nilikuwa nikimwona jioni amesimama kwenye kona ile mvua inapoanza, hana mwavuli, anasikiliza jinsi inavyoanguka juu ya nyasi. Nilitamani kumwita aingie ndani. Sikumwita.

Leo Riamogesi inatiririka hata Januari, mwaka wa saba mfululizo. Vijito vingine vitano, kutoka Kebirigo mpaka karibu na Itumbe, vimeondolewa mikaratusi kandokando na kupandwa miti ya asili na watu wa kujitolea, na karibu kila mmoja wao aliingizwa kwenye kazi hii na Madam akiwa kwenye benchi la chai. Vyura wamerudi, na kelele zao usiku zimeshtakiwa kwa chifu. Vikundi vya Nyamache vimekuja kuchukua mbegu. Na hakuna kikundi cha Bwana Cleophas kinachoanza kazi kabla hajasimama mbele na kusema maneno yake yaleyale, kabla ya kung'oa, uliza.

Januari iliyopita, nyasi za kona zilikuwa tayari kwa mara ya kwanza tangu zile za mwanzo. Zilikatwa, zikafungwa matita. Madam aliagiza zigawiwe wote waliojitolea, kila mtu tita lake, akafunikie kitalu au kibanda cha kuku. Ziligawiwa mbele ya macho yake. Alishukuru, akaenda zake.

Madam, hapa ndipo tunapokuomba radhi. Kila aliyepewa tita alizunguka nyuma ya ofisi akalileta bohari. Umekuwa ukiniuliza kwa nini majembe yako nje mvuani na kwa nini ufunguo wangu unapotea kila ukija. Ulimwambia Purity kwamba uzee umenifikia. Bohari ilikuwa imejaa nyasi mpaka dari, na mimi nimekaa miezi mitano nikipiga chafya na kusingizia homa.

Wiki hii ulishikwa Kebirigo kwa makabidhiano ambayo, kusema kweli, yangeweza kuisha kwa nusu saa. Jumanne lori la majani chai lilipanda Nyamache likiwa na matita yote, na nyuma yake egesangio kamili. Duke alikuwa amezibadilisha nguzo mbili zilizoliwa na mchwa. Nyingine ni zilezile. Wazee wawili wa Itumbe waliokumbuka kazi ya kuezeka walielekeza. Bwana Dahir alifunga duka akaja, akapewa kazi ya kurusha matita juu, na ameahidi kutopanda paa lolote tena. Bwana Cleophas ndiye aliyefunga tita la mwisho kileleni. Aliposhuka alikaa ndani peke yake kwa muda mrefu, nasi tukamwacha.

Ofisi hii huwapa wastaafu saa ya ukutani na blanketi. Utapewa hivyo pia, usihofu. Lakini gari litakufikisha nyumbani kabla ya jua kuzama, Sabato ikukute mlangoni, na utakapoingia uani utaona jiko la mama yako limevaa nyasi zake.

Tunajua kwamba hatukuwahi. Bwana Cleophas ameniomba niandike hivyo waziwazi. Mtu tuliyemjengea hayupo, na jambo alilolisema chini ya mabati hatutaweza kulirudisha. Hata hivyo, Duke alipopata binti mwaka wa pili baada ya msiba, mlimpa jina la aliyetangulia, kama ilivyo desturi yetu. Bosibori mdogo sasa ana mwaka na miezi kadhaa. Jumanne alikuwa miguuni petu kutwa, akiokota nyasi zilizoanguka, na kuna maneno ameanza kuyatoa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa.

Kwa niaba ya wafanyakazi, watu wa kujitolea wa Riamogesi na wote wanaokunywa maji yale, asante kwa miaka yako, Madam. Jumatatu nitafungua bohari na hakuna atakayenipigia kelele kutoka ng'ambo, nami nitasimama mlangoni nikisikiliza. Nenda salama. Uzee wako uwe mrefu na usio na haraka. Alasiri mvua ikianza, usikimbilie nyumba kubwa. Mchukue Bosibori, ingieni jikoni, mkae kando ya moto. Akisema kitu, utasikia.

Thadeus Nyabuto,
Mtunza bohari, Kebirigo